BUIBUI MKUBWA NA NYUMBA YAKE: SOMO LA UFUGAJI NA USALAMA

Wengi katika Chama chetu wamependa kuandika mashairi na insha za methali. Mimi niliombwa na mlezi wa Chama niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, ili wale wanaosema ati lugha yetu ni ya ngano na nyimbo tu wapate jibu lao. Nami nimemchagua buibui. Simaanishi buibui lile vazi jeusi la akina mama wa Pwani, hasha! Wala simaanishi yule mdogo wa darini tunayemfagia kila Jumamosi pamoja na utando wake. Namaanisha yule mkubwa mwenye manyoya, anayeweza kufunika kiganja kizima cha mtu mzima, aitwaye tarantula.

Utaniuliza, mbona huyo? Nina sababu mbili. Kwanza, kuna watu ng'ambo wanaowafuga nyumbani kama sisi tunavyofuga paka. Binamu yangu aishiye Uingereza ni mmoja wao, na alipokuja likizo ya Disemba nilimhoji jioni tatu mfululizo huku nikiandika katika daftari. Pili, buibui wa ukoo huo wamo hapa hapa kwetu Kibwezi, chini ya ardhi tunayokanyaga tukija shuleni. Mwaka huu kuna jambo lilitokea mtaani kwetu lililonionyesha kwamba kutojua habari zao kunaweza kumtia mtu hasarani. Jambo hilo nitalieleza katika sehemu ya nane. Kwanza tusome, kwani asiyejua maana haambiwi maana.

1. TARANTULA NI NANI?

Wengi wetu humwita mdudu, lakini mwalimu wa Biolojia atatukata alama. Mdudu ana miguu sita. Buibui ana minane, na jamaa zake wa karibu ni nge, kupe na utitiri. Mwili wake una sehemu mbili: ya mbele, ambapo kichwa na kifua vimeungana, na ya nyuma, yaani tumbo. Sehemu ya mbele imefunikwa kwa ngao ngumu. Tumbo ni laini kama puto lililojaa maji. Kumbuka sana tofauti hiyo, maana karibu kila kanuni ya nyumba yake inatokana nayo.

Jina tarantula lilitoka katika mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Cha ajabu ni kwamba buibui wa Taranto aliyeitwa hivyo hapo kale ni wa ukoo mwingine kabisa. Wasafiri wa Ulaya walipofika Amerika na kuwakuta buibui wakubwa wenye manyoya waliwapa jina lile lile, nalo likashika. Leo wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 1,000 za tarantula, katika Amerika, Afrika, Asia na Australia.

Tarantula ana macho manane, lakini haoni vizuri. Anachokitegemea ni mtikisiko. Malaika ya miguuni mwake humwambia ni nani anapita na ni mkubwa kiasi gani. Damu yake si nyekundu bali ina rangi ya samawati, kwa kuwa inabeba hewa kwa kutumia shaba mahali pa chuma. Na miguu yake hainyooki kwa nguvu za misuli peke yake: huisukumia maji ya mwili ndipo ikanyooka, kama mpira wa kunyunyizia maji unavyojinyosha bomba likifunguliwa. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukunjamana miguu yote chini ya mwili. Msukumo wa maji umekwisha.

Jike la aina fulani huishi miaka 20 na zaidi. Dume huishi miaka michache tu, na akishakomaa na kutafuta mchumba hana maisha marefu tena. Kwa hiyo anayenunua jike changa leo, akiwa na umri wangu wa miaka 16, huenda akawa bado analilisha akiwa mzazi wa watoto wanaokwenda shule. Si mchezo wa wiki moja.

2. VIPIMO VYA NYUMBA

Buibui wa binamu yangu ni yule wa waridi kutoka Chile, aliye mpole kuliko wengi na ambaye kwa miaka mingi wafugaji wapya walianza naye. Akinyoosha miguu ana sm 14. Nilidhani mnyama kama huyo angehitaji sanduku kubwa kama kabati. Kumbe sivyo! Tarantula wa ardhini si mtembezi. Hukaa karibu na shimo lake akingoja chakula kije chenyewe.

Kanuni wanayoifuata wafugaji wengi ni hii: urefu wa sanduku uwe mara tatu ya upana wa buibui aliyenyoosha miguu, na upana wa sanduku uwe mara mbili. Tufanye hesabu pamoja:

Urefu: sm 14 x 3 = sm 42
Upana: sm 14 x 2 = sm 28

Sasa tazama kimo. Hapa ndipo wengi wasiojua hukosea, wakidhani nyumba ndefu kwenda juu ni raha zaidi. Buibui hupanda kioo bila shida kwa vile ncha za miguu yake zina manyoya yanayogandamana na ukuta. Akifika juu huweza kuteleza. Nimesema tumbo ni kama puto. Akianguka kutoka juu, hata kama ni futi moja tu, tumbo laweza kupasuka, naye hufa kwa kuvuja damu. Kwa hiyo kutoka udongo hadi kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wake. Kwa yule wa sm 14 hiyo ni sm 21, na ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi.

Udongo nao una hesabu yake. Binamu hutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sm 10. Sanduku la sm 42 kwa 28 kwa 10 linahitaji sentimita za ujazo 11,760, yaani karibu lita 12. Buibui wachimbaji, kama hawa wa kwetu Afrika Mashariki, huhitaji kina cha sm 20 hadi 30, maana buibui mchimbaji asiye na shimo hana amani kamwe. Udongo wowote utumikao usiwe umetoka shambani palipopigwa dawa. Dawa ya kuua wadudu haibagui kati ya kiwavi na buibui.

Mle ndani huwekwa pia kipande cha gome la mti au gae la chungu awe na pango la kujificha. Mawe makubwa yenye ncha hayafai, kwa sababu ile ile ya tumbo. Tena kila buibui na sanduku lake. Ukiwaweka wawili pamoja, asubuhi utamkuta mmoja, naye ameshiba.

3. KIFUNIKO: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Nilipomuuliza binamu ni kitu gani kinachomkosesha mfugaji usingizi, hakusema sumu. Alisema kifuniko. Buibui hana haraka. Usiku kucha huzunguka sanduku lake akijaribu kila pembe, na akipata upenyo hauachi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo aliyonisomesha:

(a) Ngao ya kifua ndicho kipimo. Sehemu nyingine zote za mwili hukunjika au hubonyea. Mahali ngao inapopita, buibui mzima atapita. Buibui mwenye ngao ya sm 2 hapiti tundu la milimita 3, bali mtoto wake hupita kama mtu apitaye langoni. Kwa hiyo matundu ya hewa hupimwa kwa mnyama aliyemo humo, wala si kwa yule aliyekuwamo mwaka jana.

(b) Kifuniko kiwe na kufuli au vibanio vinavyobana pande zote. Kifuniko chepesi kilichowekwa tu juu, huyu huweza kukiinua kwa mgongo. Jiwe juu ya kifuniko si kufuli. Paka akilisukuma, au mtoto akilitaka kulichezea, kwisha.

(c) Waya wa chujio haufai. Kucha ndogo za miguuni hunasa katika matundu ya waya, naye akivuta hupoteza mguu. Wavu wa nailoni ndio mbaya zaidi, kwa kuwa huutafuna kwa chonge zake mpaka akatoboa njia. Kinachofaa ni kifuniko cha plastiki ngumu au cha kioo-plastiki kilichotobolewa matundu madogo, mengine ubavuni ili hewa ipite.

(d) Sanduku liwekwe mahali pasipotikisika: si juu ya redio, si karibu na mlango unaopigwa na upepo, wala si kwenye ukingo wa meza. Liwe juu ya uwezo wa mtoto kulifikia, lakini si juu sana hata kulishusha kuwe hatari. Kama nyumba ina watoto wadogo, rafu yenyewe ifungwe kwa ufunguo.

(e) Kabla ya kufungua, tazama kwanza buibui yuko wapi. Binamu hafungui mpaka amemwona kwa macho. Akishafunga hugusa vibanio vyote vinne, mmoja mmoja, hata kama anajua amevifunga.

4. JOTO, MAJI NA CHAKULA

Sehemu hii nitaipita haraka, maana kulisha tarantula ni rahisi kuliko kulisha kuku. Joto la nyumba ya kawaida, kati ya nyuzi 22 na 27 za Selsiasi, linamtosha. Jua la dirishani ni adui. Sanduku la kioo likipigwa na jua la saa saba hugeuka jiko. Maji huwekwa katika kisahani kifupi na hubadilishwa mara kwa mara. Sifongo ndani ya kisahani haina faida, ila huotesha uchafu.

Chakula ni nyenje, mende waliofugwa au funza wa unga. Mtu mzima hula mara moja kwa wiki, na windo lisiwe kubwa kupita tumbo lake. Mende wa jikoni kwetu hawafai, kwa kuwa huenda wamepita kwenye dawa ya kupulizia. Chakula ambacho hakikuliwa huondolewa kesho yake. Akikataa kula kwa wiki au hata miezi, usishtuke, mradi tumbo ni nene na maji yapo. Wa Chile anajulikana sana kwa mifungo yake mirefu.

5. ANAPOJIVUA GAMBA

Ngozi ya buibui haikui pamoja naye. Sharti aivue na atoke na mpya, kama nyoka. Mchanga hujivua mara kadhaa kwa mwaka, mkubwa mara moja kwa mwaka au kukosa hata hiyo. Siku hiyo hulala chali, miguu juu. Mtu asiyejua husema, “Maskini, amekufa,” akamtupa jalalani akiwa hai! Shika kanuni hii: aliyelala chali miguu imetanuka, anajivua. Aliyesimama wima miguu imekunjamana chini ya mwili, huyo yu mgonjwa au amekufa.

Wakati wa kujivua asiguswe, wala sanduku lisihamishwe. Kila windo liondolewe, maana nyenje mwenye njaa humtafuna buibui ambaye ngozi yake mpya ni laini kama uji uliopoa. Hata chonge zake huwa nyeupe siku hiyo. Hungojewa wiki moja au mbili, chonge zikiwa nyeusi tena, ndipo apewe chakula.

6. USALAMA WA WATU WA NYUMBA

Sasa swali ambalo najua umelishikilia tangu mwanzo: je, anaua? Tarantula wote wana sumu, lakini kwa mtu mzima mwenye afya sumu hiyo haijulikani kuua. Hata hivyo, kutoua si kutoumiza. Kuna makundi mawili, na ni lazima mtu ajue lake ni lipi.

Wale wa Amerika wengi wana silaha ya ziada. Juu ya tumbo wana malaika zenye miiba midogo sana. Wakikasirika huzifuta kwa miguu ya nyuma zikaruka hewani. Zikitua mkononi zinawasha kama upupu. Zikiingia jichoni ni balaa. Mwaka 2009 mtu mmoja alifika hospitali mjini Leeds, Uingereza, jicho likiwa jekundu wiki tatu bila kupona. Madaktari walipotazama kwa kioo cha kukuza waliona vinyweleo vyembamba vimechoma jicho lenyewe. Ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa akisugua doa kwenye kioo cha sanduku la tarantula wake wa Chile, akageuka, na buibui akamrushia wingu la malaika usoni. Tazama basi: huyo ni yule yule niliyemwita mpole! Habari zake ziliandikwa na madaktari katika jarida la The Lancet. Tangu hapo ushauri ni huu: ukisafisha sanduku vaa miwani ya kukinga macho na glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa uso.

Wale wa Afrika hawana malaika za kurusha. Silaha zao ni mbio na chonge, na hawaoni haya kuzitumia. Wakiudhika huinua miguu ya mbele juu na kuonyesha chonge, na baadhi hutoa sauti ya kuchakacha kwa kusugua miguu. Huo ni wito wa “simama hapo hapo!” Anayeupuuza huumwa, na maumivu na mkakamao wa misuli huweza kudumu siku kadhaa.

Akikuuma: osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, tulia. Usichanje kwa wembe, usinyonye, wala usibandike jiwe la nyoka. Ukiona pumzi inabana, uso unavimba, au aliyeumwa ni mtoto, mzee au mgonjwa, basi moja kwa moja hospitali. Malaika zikiingia jichoni usifikiche. Mwagia maji mengi safi, kisha nenda ukapimwe.

Na kumbeba mkononi je, kama tuonavyo katika picha? Binamu yangu hambebi. Alisema, “Yeye hafaidi chochote, na mimi nikishtuka nikamwangusha nimemuua.” Akitaka kumhamisha humfunika kwa kikombe cha plastiki, akapitisha kadi ngumu chini yake, basi.

7. AKITOROKA

Kwanza, funga mlango wa chumba na uzibe nafasi ya chini kwa taulo. Ondoa watoto, paka na kuku. Kuku wetu wangemla kabla hujamaliza kupiga kelele. Pili, mtu yeyote asipulizie dawa. Tatu, mtafute chini na gizani: pembe za chumba, nyuma ya kabati, ndani ya viatu, katika mikunjo ya pazia na ya nguo zilizoanguka. Tafuta kwa tochi, si kwa mkono. Inua kila kitu polepole, kwani anayemvamia kwa kiatu huweza kumkanyaga. Nne, ukimwona tumia kikombe na kadi. Tano, kabla hujamrudisha, tafuta alikopitia upazibe. Ukimrudisha katika sanduku lile lile lenye upenyo ule ule, umempa likizo tu.

Na jambo la sita ni la heshima: mwenye buibui awaambie wenzake wa nyumba. Wengine huficha kwa kuogopa kelele. Lakini mama aingizaye mkono katika kapu la nguo gizani ana haki ya kujua.

8. NA HAPA KWETU JE?

Sasa tumefika penyewe. Kenya na Tanzania ni nyumbani kwa mmoja wa tarantula wakubwa wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Pelinobius muticus. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1885. Ana rangi ya kutu, akinyoosha miguu hufikia karibu sm 20, na huchimba shimo refu kwenda chini ambamo jike huweza kukaa miaka mingi. Waingereza huwaita yeye na nduguze buibui wa nyani, kwa kuwa miguu yao yenye manyoya hufanana na vidole vya nyani. Wafugaji wa ng'ambo humtamani sana.

Mwezi wa tatu mwaka huu mtu mmoja mgeni alisimamisha gari karibu na uwanja ambapo vijana wa mtaa wetu hucheza mpira. Aliwaonyesha picha ya buibui kwenye simu, akaahidi shilingi 500 kwa kila jike zima atakaloletewa. Mdogo wangu wa gredi ya sita alikuwapo. Jioni ile ile yeye na wenzake walishika majembe. Buibui wa kwanza alikatwa na jembe. Wa pili walimpata mzima, na mdogo wangu akamtia katika kopo la siagi, akatoboa kifuniko kwa msumari wa inchi sita na kulificha chini ya kitanda. Katika kitanda hicho hulala yeye na kitinda mimba wetu wa miaka mitatu.

Nililiona kopo hilo usiku nilipokuwa nikitafuta kandambili. Lipime wewe mwenyewe kwa somo letu. Matundu: mapana kuliko kidole changu kidogo. Kifuniko: cha kubonyeza, tena kimelegea. Udongo: hakuna. Maji: hakuna. Mahali: chini kabisa, anapofikia mtoto. Na aliyemo ni wa Afrika, mkali, aliyefukuliwa nyumbani kwake mchana huo. Kila kipengee cha sehemu ya tatu kilikuwa kimevunjwa.

Nilifunika kopo kwa sufuria, nikaweka tofali juu, nikamwamsha baba. Hatukumuua. Alfajiri baba alilibeba kopo mpaka pale pale alipofukuliwa, nami nikatoboa kishimo kwa mti kando ya lile lililoharibiwa. Tulilaza kopo, tukarudi nyuma. Alikaa kimya kama dakika kumi, kisha akatoka mguu mmoja mmoja, akaingia shimoni kinyumenyume. Baba alimweleza mzee wa mtaa habari za yule mgeni, na gari lile halijaonekana tena.

Mdogo wangu alinuna siku mbili. Rafiki yangu mmoja pia aliniambia, “Wewe unasema hivyo kwa sababu kwenu kuna chakula. Shilingi 500 ni unga wa siku ngapi?” Ni neno zito na sitaki kulipuuza. Lakini nilimjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mnyamapori si ndovu na simba tu. Kumchukua kiumbe wa porini, kumweka au kumuuza bila kibali cha KWS ni hatia. Mwezi wa tano mwaka 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji na Mkenya mmoja, kwa sababu ya sisimizi. Ndiyo, sisimizi! Vijana wale wawili walipatikana na wapatao 5,000, wamefungwa katika vichupa vyenye pamba. Kila mmoja wa wale wanne alitozwa faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Pima 500 na milioni. Mwenye gari huondoka. Anayebaki kijijini na jembe mkononi ni kijana wetu.

La pili ni buibui wenyewe. Jike huchukua miaka mingi kukomaa. Wakifukuliwa kumi mwaka huu, hawarudi kumi mwaka ujao. Huko Meksiko buibui mmoja mzuri mwenye magoti mekundu alisakwa kwa ajili ya biashara hiyo mpaka mwaka 1985 akawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES. Siku hizi wafugaji waaminifu ng'ambo hununua waliozaliwa katika masanduku, si waliofukuliwa. Na kwetu buibui huyu hula nyenje, mende na panzi wanaokula mimea yetu, naye huliwa na nyegere na nyani. Ana kazi yake.

Kwa hiyo, mwenzangu, somo la masanduku na vibanio nimekupa ulijue, si ukalitekeleze kesho kwa buibui wa shambani. Hapa kwetu nyumba yake iliyo salama kuliko zote imekwisha kujengwa, naye mwenyewe ndiye fundi. Kazi yetu ni kuizunguka tunapolima, kuwaonya wadogo wetu wasiingize mikono mashimoni, kukung'uta viatu asubuhi, na akiingia nyumbani, kikombe na kadi. Atolewe nje akiwa hai.

MSAMIATI

Chonge: jino refu lenye ncha, kwa buibui, kiungo cha kuchomea na kutilia sumu.
Malaika: nywele laini za mwilini.
Kujivua gamba: kutoa ngozi ya zamani ili kukua.
Makumbi: maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi.
Upupu: mmea wenye vinyweleo viwashavyo.
Windo: kiumbe anayekamatwa ili aliwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tarantula ana upana wa sm 10 akinyoosha miguu. Taja urefu na upana wa sanduku lake, na kimo kisichopaswa kupitwa kutoka udongo hadi kifuniko.
2. Kwa nini matundu ya hewa hupimwa kwa ngao ya kifua na si kwa tumbo?
3. Umemkuta buibui amelala chali. Utafanya nini, na hutafanya nini?
4. Eleza tofauti moja ya silaha kati ya tarantula wengi wa Amerika na wale wa Afrika.
5. Jadilianeni darasani: Mtu amekuahidi shilingi 500 kwa kiumbe wa porini. Ungemjibuje mwenzako asemaye kwamba njaa haina sheria?

Swali la tano sina jibu lake la ukurasa mmoja. Mwenye hoja bora na aje nayo katika kikao cha Chama Alhamisi, tutamsikiliza. Kiswahili kitukuzwe!